Mama Koleo na Waya wa Bekari

Wasikilizaji wapendwa, kuna mwanamke aliyekwenda na koleo la kukatia waya kwenye harusi ya mdogo wake. Lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya leso na chupa ya manukato. Bibi harusi alipoliona alimnong'oneza, "Dada, hata leo?" Akajibu, "Kwani leo umeme uko likizo?"

Ndiyo maana tulimwita Mama Koleo. Ndiye tunayemkumbuka asubuhi hii. Mama Koleo, fundi wa umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sabini na moja.

Aliajiriwa kufagia ghala la vifaa la shirika la umeme. Alifagia miezi minne. Siku moja akavaa mkanda wa kupandia nguzo, akapanda. Mkubwa wake wa kazi akapiga kelele kutoka chini, "Shuka, mama, utaanguka!" Naye akajibu kutoka juu, "Nikishuka, nani atakaza hii nati?" Hakurudi kwenye ufagio tena.

Lakini wasikilizaji, leo tunataka kukaa kwenye siku moja tu. Siku ya kumi na mbili baada ya kile kimbunga cha miaka miwili iliyopita.

Mnakikumbuka. Mabati yaliruka kama karatasi. Nguzo zililala barabarani. Mtaa wa Mama Koleo ulikaa siku kumi na tisa bila umeme. Siku kumi na tisa! Watu walichaji simu kwenye betri za magari. Wengine walipika kila kilichokuwa kwenye friji kwa siku moja, wakala mpaka wakachoka, halafu wakaanza kuhesabu viazi.

Mwanga ulikuwa bekari tu. Mwoka mikate ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Koleo, shemeji yake wa utani. Alikuwa na jenereta. Akatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Bekari ikawaka. Na kwa kuwa hakuzima swichi kubwa ya kwenye mita, umeme ukatoka nje, ukaingia nyumba nne za majirani. Watu wakamshukuru. Mikate ikaiva. Nani angelalamika?

Mama Koleo alilalamika. Alishamzika mfanyakazi mwenzake aliyeshika waya uliozimwa, kumbe kuna nyumba ilikuwa inausukumia umeme kwa jenereta. Umeme ukitoka nyumbani ukafika kwenye transfoma, unaongezeka nguvu mara nyingi. Hilo alikuwa akilisema mpaka watu wakamchoka.

Siku ya kumi na moja alikwenda bekari. "Shemeji, mafundi wanakuja kesho. Zima hicho kitu, na waya wako utupe."

"Shemeji wangu, neno lako amri. Nitazima kabla hujakohoa."

Kesho yake alizima kweli, saa mbili asubuhi. Waya hakuutupa.

Mafundi walifika saa nne, upande wa pili wa mtaa, ambako mwoka mikate hakuwaona. Kiongozi wao alikuwa binti wa Mama Koleo, mtoto wake wa pekee. Akapima laini. Imekufa. Wakaanza kukata mti ulioangukia nyaya, kazi ya saa nzima. Huku bekari unga umeumuka, unamwagika kwenye kingo za mabeseni. Saa tano mwoka mikate akasema, "Hawa hawaji tena." Akawasha.

Mama Koleo alikuwa anaanika mashuka. Akasikia mngurumo. Akageuka, akamwona binti yake amefika nusu ya nguzo. Shuka likaanguka kwenye matope. Kwenye nguzo ni mbali, bekari ni karibu. Akakimbilia bekari, na magoti yale ya miaka sitini na tisa. Akazima jenereta. Akachomoa waya. Akatoa koleo, akaukata vipande vinne.

Mwoka mikate akatoka, unga mpaka kwenye viwiko. "Shemeji! Una wazimu? Nina mikate mia mbili mle ndani!"

"Mimi nina mmoja tu. Yuko juu ya nguzo."

Waliokuwa kwenye foleni wakaguna. Mama mmoja akasema, "Sasa watoto watakula koleo?" Mwoka mikate akaapa hatazungumza naye mpaka aombwe radhi mbele ya watu hao hao. Donge lote la unga lilisinyaa, likatupwa.

Tulimuuliza binti yake. Alituambia, "Ningepima tena kabla ya kugusa. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nilikuwa nimechoka, na laini nilishaipima. Mama hakutaka kubahatisha."

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, Mama Koleo alirudi bekari na kisanduku cha vifaa. Hakuna aliyemsalimia. Alilaza waya mpya kutoka kwenye jenereta hadi kwenye tanuri na mashine ya kukandia unga, mbali kabisa na nyaya za nyumba. Alifanya kazi kwa muda wa saa tatu huku shemeji yake akitazama dirishani. Mchana mikate ikatoka. Halafu akapita nyumba kwa nyumba. Alikuta nyaya nyingine saba za namna ile. Akazikata zote saba, na kila mwenye jenereta akamfungia njia iliyo salama.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, feni ya kinyozi ilianza kuzunguka yenyewe. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akatoka mbio kupiga vigelegele. Umeme umerudi. Na mafundi wote waliopanda nguzo za mtaa ule walishuka kwa miguu yao.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa shemeji yake na kwa mafundi wa laini wote, pokeeni pole zetu. Mungu ampumzishe. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo nendeni mkaangalie jenereta zenu. Angalieni waya wake umeingia wapi. Halafu mfikirie ni mtoto wa nani atapanda nguzo.

Mwoka mikate alishavunja kiapo chake zamani; Mama Koleo alipolazwa, alimpelekea mkate hospitali kila mchana. Siku ya mwisho ya mazungumzo yao, ametusimulia, aliketi pembeni ya kitanda akamtania, "Shemeji, miaka miwili imepita. Hata leo huniombi radhi?"

Mama Koleo alimaliza kutafuna kwanza.

"Siombi."