Marehemu Aminieli Akyoo, Mwenyekiti Aliyeitikia Jina Lake

Siku ya kuhesabu kura, Oktoba 1994, waliokuwepo ofisi ya kijiji ni Mzee Kaanaeli aliyekuwa katibu wa kijiji, Elifuraha muuza mitumba, mama yetu Ndeshi akiwa na ndugu yetu Stanley, ofisa kutoka wilayani, wanakijiji wapatao mia mbili, na baba yetu Aminieli Akyoo, ambaye leo tunamsindikiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1931, Nkoaranga, mtoto wa tatu kati ya tisa, na mwaka 1939, akichuma kahawa na mama yake, tawi lilimrudia likampofua jicho la kushoto, ndipo wenzake wakamwita Chongo. Mwaka 1941 alianza shule, ambako mwalimu alimfariji kwamba wako wafalme wa kale walioitwa Kiwete na Kipofu na bado watu waliwapigia magoti, marehemu akajibu kwamba wale walikuwa na majeshi, yeye ana mbuzi wawili.

Kuanzia mwaka 1950 alipulizia dawa mibuni huko Usa River, tarehe 8 Septemba 1956 akafunga ndoa na mama Ndeshi, wakajaliwa watoto sita, na mwaka 1984 akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji kwa watu kunyoosha mikono. Miaka yote hiyo kijiji kizima kilimwita Chongo, ila asipokuwepo, kwa heshima, naye kwa heshima alijifanya hajui.

Vyama vilipokuwa vingi, kura zikawa za kuandika jina kwenye karatasi, na zilipohesabiwa, Aminieli alipata kumi na mbili, Elifuraha thelathini na moja, na Chongo mia moja sabini na moja. Ofisa akasema Chongo asipojitokeza, mshindi ni Elifuraha, akaita mara tatu, watu wakatazama migomba.

Mzee Kaanaeli akaona vibaya kumnyooshea mwenzake kidole, akasema, "Huyo ametoka kidogo."

Marehemu alikuwa amesimama mbele yake.

Ndipo Elifuraha akamsogelea. "Shikamoo baba. Itika tu. Hata mimi nimekuandika wewe."

"Wewe si unagombea?"

"Nagombea, lakini kijiji nakipenda."

Marehemu akavua kofia. "Chongo ni mimi, ofisa. Hili lililobaki linakuona vizuri, andika."

Akashinda, na tangu hapo watoto walimwamkia Mwenyekiti Chongo barabarani, akaitikia marahaba.

Januari 1998 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali ya Nkoaranga, akafariki tarehe 12 Machi, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyempa mkwe wa marehemu kiti ili anyonyeshe mtoto, majirani waliotukamulia ng'ombe bila kuombwa, viongozi wenzake wa kijiji, na Elifuraha, aliyeleta koti jeusi alilovaa marehemu leo.

Lala salama baba, Mwenyekiti Chongo wetu.

Familia imeombwa kutangaza kwamba uchaguzi wa kujaza nafasi yake ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, na kila mgombea aandikishe pia jina analoitwa asipokuwepo.