Orodha Ambayo Bibi Rudia Hakuitia Sahihi

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu leo kuja kukaa nasi, familia imempa mdogo wake marehemu jukumu la kuwasomea historia ya dada yake, naye ataisoma kama ilivyoandikwa nyumbani, si kama ile iliyoletwa Jumanne ndani ya bahasha ikiwa imekwisha kupigwa chapa na watu wa ofisini.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Bibi Rudia, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya kupiga chapa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi wa kujalidi vitabu na mkewe mshonaji. Baba alikuwa akirudi jioni na karatasi zilizoharibika mtamboni, kurasa za picha zisizo na mwanzo wala mwisho, naye binti huyo alizitandaza sakafuni akazipanga mpaka hadithi ikubali kusimama, na iliposhindikana alimwambia baba yake bila kumung'unya maneno, "Huyu aliyeandika hakujua anakokwenda." Alikuwa na miaka sita.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kuimaliza 1966, akaingia sekondari 1967 hadi 1970, ambako aliadhibiwa mara mbili, zote mbili kwa kusoma kitabu kingine chini ya dawati wakati mwalimu anasoma kile kilichopangwa, na Novemba 1973 akapata cheti cha ukutubi.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa katika maktaba kuu, chumba cha watoto, kilichokuwa na madirisha matatu, rafu nne, na mkeka mmoja ambao aliununua mwenyewe kwa sababu wakubwa waliona watoto wanafaa kusoma wakiwa wameketi wima. Kwenye mkeka huo ndiko alikoanzisha, mwaka 1981, orodha ya vitabu vya picha vya kupendekezwa kwa wasomaji wadogo, karatasi moja, vitabu kumi na viwili kwa mwaka, visizidi hapo, na kukiwa na tisa tu vinavyofaa basi orodha ilitoka na tisa.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja na hakuubadilisha. Kila kitabu alikisoma na watoto watatu, kila mmoja kwa siku yake, yeye ameshika kitabu na mtoto ndiye anayefungua kurasa, kisha akaandika kwenye kadi mara ngapi mtoto amerudisha ukurasa nyuma, na kitabu ambacho hakuna mtoto aliyekirudisha nyuma hata mara moja hakikuingia kwenye orodha, hata kiwe kimeandikwa na nani na kimezinduliwa na nani. Hakuwauliza watoto kama wamekipenda. "Mtoto ukimuuliza atakwambia ndiyo," alikuwa akisema, "kwa sababu amefundishwa adabu. Vidole vyake bado havijafundishwa." Watoto waliomzoea walikuwa wakimwambia "bibi, rudia," na jina likamganda.

Hakuwapaka waandishi mafuta kwa mgongo wa chupa. Mmoja alimletea kitabu cha sungura anayepiga mswaki kwa kurasa ishirini na nne, na katika ukurasa wa ishirini na tano anasifiwa na mama yake, mwandishi akasubiri jibu kwa dukuduku, naye marehemu akamrudishia na kumwambia, "Ndugu yangu, hiki si kitabu, hili ni karipio lililotiwa rangi." Mwingine alilalamika kwamba kitabu chake kimeachwa ilhali kina ujumbe mzito, akajibiwa kwamba ndiyo maana watoto wameshindwa kukiinua.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele, na ambaye kwa miaka arobaini na mitano aliwaambia wageni kwamba mkewe hufungua kitabu kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1980 na mvulana mwaka 1984, na mjukuu mmoja wa kike, mwenye miaka mitano.

Mwaka 2009 alikuja mkurugenzi mpya, na pamoja naye ikaja kamati ya watu saba, iliyokutana ghorofa ya pili kwenye chumba chenye zulia, na kuvipima vitabu kwa fomu yenye safu za maadili, rangi, ujumbe na mvuto. Hakuna mjumbe aliyewahi kuteremka kwenye mkeka, mmoja akisema magoti yake hayamruhusu na wengine sita hawakutoa sababu. Marehemu alibaki katibu, na orodha haikutoka bila sahihi yake, kwa kuwa walimu waliikubali kwa sababu ya sahihi hiyo na si kwa sababu ya zulia.

Februari 2012 mchapishaji mmoja alileta boksi la vitabu sita, na kimojawapo, cha tembo anayetafuta njia ya kurudi nyumbani, hakikuwa kitabu bado. Kilikuwa sampuli ya kupimia unene, ambayo fundi huishona kwa karatasi tupu katikati ili mteja aone kitabu kitakavyokaa mkononi: kurasa nane za mwanzo zilikuwa na picha, nne za mwisho zilikuwa na picha, na ishirini za katikati zilikuwa nyeupe. Binti wa mjalidi aliitambua kabla hajaifungua, kwa uzito wake tu. Wajumbe saba walikipa alama za juu kabisa, wakaandika kwamba kurasa zilizoachwa wazi zinampa mtoto nafasi ya kuwaza, na wakakiweka namba moja.

Marehemu aliomba nafasi ya kuuliza. "Mheshimiwa mwenyekiti, tembo huyu anaingia ukurasa wa tisa kichwa wazi, anatoka ukurasa wa ishirini na nane amevaa kofia. Kofia kampa nani?" Mwenyekiti alimjibu kwamba hilo ndilo hasa swali ambalo kamati inataka mtoto ajiulize. Wajumbe wakapiga makofi, naye akafunika kalamu yake.

Wiki moja baadaye dereva wa mchapishaji alifika mapokezi kudai sampuli yake, iliyochanganywa kimakosa, na orodha ilikuwa imekwisha kwenda mashuleni, kwa mara ya kwanza bila sahihi yake. Kitabu chenyewe kilipotoka Mei, kimejaa picha mwanzo hadi mwisho, kamati haikuomba radhi, ilitoa waraka ikisikitika kwamba toleo hilo limepoteza utulivu wa awali. Marehemu alikwisha kuhamishiwa stoo ya magazeti ya zamani tangu Machi. Hata hivyo alikichukua kitabu kile, akakisoma na watoto watatu kwenye ngazi za nje, wakarudi nyuma mara nne, akakiandikia kadi na kukiweka kwenye orodha yake mwenyewe namba saba, kwa sababu kosa halikuwa la tembo. Kofia alipewa na dobi, ukurasa wa kumi na saba, baada ya tembo kumwangushia kamba ya nguo na kumsaidia kuzianika upya.

Alistaafu tarehe 9 Juni 2013, akautandika mkeka katika duka la mumewe, katikati ya saa zisizokubaliana, na kuendelea na kadi zake miaka kumi. Walimu wakaifuata orodha huko. Ile ya ghorofa ya pili iliendelea kuchapishwa kwa karatasi nzuri.

Tarehe 18 Novemba 2023 alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi na mkono wa kulia. Alilazwa wodi ya tatu, kitanda cha dirishani, ambako mjukuu wake alimpelekea kitabu cha tembo na kumsimulia kwa picha, kwa kuwa hajajua kusoma vizuri. Mchana wa tarehe 3 Februari 2024, mjukuu alipokwisha kufungua ukurasa wa kumi na nane, bibi aliinua mkono wa kushoto na kuurudisha nyuma, akabaki akimtazama dobi. Binti yake aliandika kadi: msomaji mmoja, miaka sabini, mara moja. Alifariki kesho yake, Jumapili, saa nne asubuhi.

Sasa kuhusu bahasha. Kamati inaomba orodha yake iitwe kwa jina la Bibi Rudia, na inaomba tusome historia waliyoipiga chapa wao, inayotamka kwamba aliiasisi na kuikabidhi kwao kwa moyo mkunjufu, na imeambatanisha kijitabu chenye picha yake kwenye jalada. Tumekifungua. Ndani kurasa zote ni nyeupe, na barua inaeleza kwamba hii ni sampuli tu. Familia inawapongeza, safari hii wametambua. Mumewe, aliyeachiwa nafasi ya kutia sahihi chini ya barua hiyo, alisoma hadi mwisho, akauliza kama kati ya hao saba kuna aliyejua sasa kofia ilitoka wapi, na alipoambiwa na aliyeileta kwamba hakuna, akairudisha barua kwenye bahasha. Inawangoja wajumbe mezani hapo mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, waliomwacha mtoto apande kitandani na viatu; inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai; inawashukuru watunzaji wa stoo ya magazeti, ambao kwa miezi kumi na tano walikuwa wenzake wa kweli; na inawashukuru wajumbe wa kamati kwa kukaa na historia hii mpaka mwisho, jambo ambalo hawajawahi kukifanyia kitabu.

Pumzika, dada. Hatukutia sahihi.