Msichana Aliyekataa Kuitika

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limejaa, na birika la kahawa lilishazunguka. Jana yake wote walikwenda ukumbi wa shule kutazama filamu: darasa la watoto wa makabila na mataifa tofauti, na mwalimu, mtu mwema tu, aliyeshindwa kulitamka jina la msichana mmoja akaamua kulifupisha. Msichana akaacha kuitika. Mwalimu akapandwa na hasira, mtoto akafukuzwa. Filamu ikaishia hapo. Fundi viatu, ambaye miaka yote kijiweni huitwa Mgeni, alikuwa akishona soli huku masikio kayatega.

— Mimi namtetea mwalimu, Kinyozi alianza. Darasa zima lile! Angehangaika na kila jina, kengele ingelia hajaandika hata tarehe ubaoni.

— Acha hizo, alisema Profesa, muuza magazeti. Pale kuna mpango. Leo wanakukata jina, kesho unasahau lugha ya bibi yako, keshokutwa unaona aibu mama yako akija shuleni.

— Mpango wa nani? Kinyozi akauliza.

— Wenyewe watakwambia?

— Basi yule si mwalimu, ni askari kanzu! Mlimwona anavyotembea?

Wakaangua kicheko. Mgeni naye akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Ndivyo alivyopata nafasi kwenye benchi lile. Lakini jana, msichana alipokaa kimya, yeye gizani mle alikuwa amenong'ona, "Usiitike, mwanangu."

— Mgeni, wewe wasemaje?

— Mwalimu hakuwa na nia mbaya, alijibu. Ndiyo maana ni vigumu kumkasirikia.

Hapo akafika dada mmoja kuchukua viatu vyake. Akavijaribu, akaridhika.

— Kazi safi. Wenzangu kazini nao wana viatu vya kushonwa. Nikiwaelekeza huku, wamuulizie nani?

— Mgeni, Kinyozi akadakia. Hapa kila mtu anamjua.

— Sawa, lakini jina lake hasa?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake. Fundi angeweza kuwaokoa kwa mzaha. Siku zote aliwaokoa. Safari hii akanyamaza, akawasubiri.

— Kaka, Kinyozi akasema mwishowe, sauti imemshuka. Hebu tuambie.

Fundi akalitaja, lote, kama mama yake alivyokuwa akimwita. Kinyozi akajaribu, akalivunja katikati, akaona haya.

— Rudia, alisema fundi, akiweka sindano chini. Polepole. Sina haraka.