Debra Odongo Hakuugua kwa Muda Mfupi

Waombolezaji wote, wa Kisian na wa Katito, kwa desturi watu wa kwao marehemu hupewa nafasi ya kusema kabla jeneza halijashuka, na nafasi hiyo naichukua mimi, Agneta, dada yake, kusoma maisha ya Debra jinsi Debra mwenyewe alivyotaka yasomwe.

Debra alizaliwa Katito, Nyakach, tarehe 14 Agosti 1980, mtoto wa tatu wa Mama Caren, akasoma shule ya msingi papo hapo nyumbani hadi mwaka 1995, akajifunza ushonaji mjini Kisumu, na mwaka 2001 akafungua duka la sare za shule pale Mamboleo, ambako wazazi walimjua kwa ukali wake: sare ikiletwa kurekebishwa aliigeuza ndani nje kwanza, na mshono uliooza aliufumua wote, hata kama juu pamepigwa pasi vizuri.

Tarehe 11 Desemba 2004 aliolewa na Dalmas Odongo wa hapa Kisian, wakajaliwa Mathews mwaka 2006 na Bridget mwaka 2010.

Mwezi Machi 2019 alianza kuharisha damu, akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni, na Daktari Celestine Naswa akagundua vidonda vya utumbo mpana, akamwanzishia dawa. Kufikia Oktoba 2022 damu ilikuwa imekatika, Debra anakula omena na kunenepa, na kamera ilipoingizwa utumbo ulionekana laini. Lakini daktari alinyofoa vipande vidogo vya nyama, vikatazamwa kwa darubini, na humo ndani uvimbe ulikuwa bado haujatulia. Daktari akaeleza kwamba lengo si kukata damu tu, lengo ni nyama yenyewe ipone, kwa kuwa ambaye nyama yake haijapona ndiye hurudiwa upesi, kwa hiyo dawa ziendelee na vipande vichukuliwe tena mwaka unaofuata. Debra alielewa mara moja, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Aliyekataa kuelewa ni shemeji yake, Mzee Ooko, mzee wa kanisa, ambaye tayari alikuwa ametangaza ibada ya shukrani. Tarehe 20 Novemba 2022 alichinja ng'ombe, akamsimamisha Debra mbele ya kanisa katika gauni jeupe alilojishonea, naye akashuhudia kwamba amepona. Jioni hiyo Mzee akamwambia kuwa mtu aliyeshuhudia, kisha akaendelea kumeza vidonge, analifanya kanisa lionekane la waongo, akazichukua dawa zake akazitupa chooni, na Dalmas, mume wake, hakumzuia. Inatuuma kuyasema haya mbele ya kaburi, na tunayasema.

Ugonjwa ulirudi Agosti 2024, naye akauficha, akifua nguo zake peke yake kabla watoto hawajaamka, kwa sababu kila Jumapili alikuwa akitajwa mimbarini kama mfano. Alipofikishwa hospitali mwezi Aprili, utumbo ulikuwa umetoboka. Alifariki tarehe 3 Mei 2025.

Ratiba mliyoshika mikononi iliandikwa na Mzee Ooko, na inasema aliugua kwa muda mfupi. Huo ni uongo, na Debra alijua kwamba utaandikwa.

Ndiyo maana, akiwa wodini, aliniambia, "Mzee Ooko mpeni kiti cha mbele, nyonga zinamsumbua, na ule mto mweupe nilioushona nyumbani mumwekee aukalie. Mkisoma hadi hapo, mwambieni ni kitambaa gani."

Mzee, ni lile gauni la ushuhuda. Alilikata kwa mkasi wake mwenyewe, na wewe umelikalia tangu asubuhi.

Tunamshukuru Daktari Naswa na wauguzi, ambao hawakumgombeza aliporudi, majirani wa Mamboleo waliofua shuka zake alipolazwa, bila kuombwa, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani. Nawe Mzee tunakushukuru kwa ng'ombe, ambaye aliliwa akaisha siku ileile.

Debra, pumzika kwa amani. Mzee Ooko, wewe usipumzike.