Supu ya Seli na Vidole vya Msusi

Benchi la kahawa linatazamana na kiwanda cha dawa, na marafiki wanne hulikalia kila siku utadhani wametumwa kukikagua. Kupitia kioo unaliona pipa kubwa la chuma. Mfanyakazi mmoja aliwahi kuwaeleza: humo tunalea seli, tunazilisha sukari, tunazipulizia hewa, tunazitunza kwa joto la mwili. Zikishatoa dawa tunachuja. Seli zinabaki, dawa inakwenda kwenye sindano. Mkasi, fundi cherehani, alielewa vizuri. Kosa lake ni kwamba kila porojo ya benchini huibeba hadi nyumbani, akamsimulia mkewe. Na mkewe, msusi hodari, amevimba viungo vya vidole mpaka hashiki kitana. Leo alitakiwa akadungwe dawa ya pipa lile. Asubuhi, mama wa watu alisema haendi.

— Jamani, leo nataka ukweli, Mkasi alisema. Mke wangu anaogopa.

— Ukweli ninao mimi, alidakia Wembe, kinyozi. Nywele ninazofagia dukani zinaishia wapi? Humo! Shemeji akidungwa, ataota ndevu.

— Ndevu si kitu, alisema Breki, mwenye pikipiki. Seli moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne. Haba na haba hujaza kibaba. Siku pipa likifurika, mji mzima tunaogelea kwenye supu!

Katibu, karani mstaafu, akaweka kikombe chini.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zile seli kutwa zinalishwa tu. Nani kaona jembe?

— Jembe linahusu nini, Katibu? aliuliza Mkasi.

— Nidhamu! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zimelelewa na mwiko wa umeme unaozikoroga humo pipani. Zikiingia mwilini zitamtii nani?

— Si yule mfanyakazi alisema wanachuja? Seli haziingii.

— Alikuwa anakunywa kahawa yetu. Ulitaka atutishe?

Wakaangua kicheko. Mkasi naye alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Kicheko hakijaisha, mkewe akatokea. Alivaa gauni aliloshonewa na Mkasi mwenyewe, vifungo vya mgongoni vikiwa wazi.

— Karibu, shemeji, alisema Wembe.

— Ahsante. Shikamoo, Katibu.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Nikiiacha hiyo sindano, nyinyi mtanipa nini?

Breki akawasha pikipiki, akaizima.

Mkasi akainuka. Akapita nyuma ya mkewe, akavifunga vile vifungo kimoja kimoja.

— Nisamehe, mama watoto. Hofu yote nimekuletea mimi.

— Najua. Twende.

— Breki, wapeleke hospitali, alisema Katibu kwa upole. Na usikimbize.

Mkasi akapanda nyuma kabisa, mkewe katikati. Hajawahi kuona tumaini kama aliloliona sasa kwenye mgongo wa mkewe ulionyooka.

— Nikipona, mkewe alisema, wa kwanza kumsuka ni binti yako. Nimechoka kumwona akienda shule na nywele ulizofunga wewe.