Makamanda Watano wa Mlima Mmoja

*Risala ya watumishi wa Kikosi cha Operesheni za Dharura, Wilaya ya Hwarim, kwa Mheshimiwa Pyo Jae-hwan, Naibu Gavana wa Mkoa, siku ya kufunguliwa kwa Ukumbi wa Mapokezi. Msomaji: Bang Du-sik, mwokoaji.*

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Gavana. Mkuu wa Wilaya. Wakuu wa idara. Bwana Guk Hyeon-cheol wa Ofisi ya Itifaki, ambaye bila yeye tusingejua leo tusimame wapi na tucheke wakati gani. Wazee wetu wa kijiji cha Neulgol. Mabibi na mabwana:

Makaribisho

Sisi watumishi wa kikosi hiki tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mikono hiyo tumeinawa vizuri, kwa maelekezo ya Bwana Guk. Karibu katika ukumbi huu mpya wenye viti vya ngozi, kiyoyozi na mashine ya kahawa ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeruhusiwa kuigusa. Baada ya maporomoko ya ardhi ya Julai, mkoa uliuliza kikosi chetu kilipungukiwa na nini. Tuliandika jenereta. Tukaletewa ukumbi wa kupokelea wageni. Tunashukuru, maana mkono mtupu haulambwi, na viti vya ngozi ni bora kuliko mkono mtupu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile ya Julai mgeni ulikuja, Mheshimiwa. Namna mwenyeji alivyopona ndiyo habari ya risala hii.

Historia fupi

Kikosi kilianza kama chumba kimoja nyuma ya posta, chenye redio ya upepo na machela iliyochanika. Leo tuna vyumba vinne na machela ileile, imeshonwa.

Kazi ya kuongoza operesheni haikimbiliwi na watu hapa kwetu. Vijana wanaoingia kazini hutuuliza njia ya kupanda cheo, nasi hatutaki kuwadanganya. Tunawaambia watazame watu wawili walioajiriwa siku moja. Wa kwanza ni Bwana Guk, ambaye amepanda ngazi tatu kwa kufungua milango ya magari bila kuchelewa hata mara moja. Wa pili ni Mkuu wetu wa Operesheni, Bi Tak Mi-ryeong, binti wa fundi baiskeli, aliyeanza kama dereva wa gari la wagonjwa. Amezima moto, ametoa watu mtoni, ameongoza uokoaji wa basi lililoning'inia darajani, na bado yuko ngazi ileile, labda kwa sababu milango mingi aliyoifungua ilikuwa ya magari yaliyopinduka.

Kijana mwenye akili akisikia hayo huomba kazi Ofisi ya Itifaki. Hatumlaumu.

Mafanikio

Hapa tunaomba radhi. Kwa kawaida risala huwa na sehemu ya changamoto. Ofisi ya Itifaki ilitushauri tuiondoe, kwa kuwa siku ya furaha haipendezi kuchafuliwa. Sisi ni watu wa kutii. Tumeiondoa, na yote yaliyokuwamo tumeyahamishia kwenye mafanikio.

Fanikio la kwanza: siku ile ya mvua kubwa, mlima wa Neulgol ulipoanza kupasuka juu ya kijiji, tulifanikiwa kuwa na makamanda watano. Kanuni yetu inasema kwamba mwenye cheo kikubwa akifika, uongozi unahamia kwake, baada ya kupewa taarifa kamili tangu mwanzo. Mkuu Tak alikuwa ameshagawa kazi na watu walikuwa wanashuka. Akaja mkuu wa kituo, tukasimamisha kazi tukamweleza. Akaja mkuu wa zimamoto wa wilaya, tukasimama tena. Akaja Mkuu wa Wilaya, akataka kuelezwa kwa ramani safi, kwa sababu tuliyokuwa tunaitumia ilikuwa na matope. Ukafuata wewe, Mheshimiwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huu wetu haukuwa hata chombo, ulikuwa mlima, nao uliendelea kwenda bila kungoja taarifa.

Fanikio la pili: jenereta yetu moja ilitosha. Mkuu Tak alikuwa ameweka redio katika darasa la ghorofani la shule ya msingi, kwa kuwa dirisha lake linatazama mlima. Iliposikika kwamba wewe, Mheshimiwa, unakuja, waya wa umeme ulichomolewa ghorofani ukavutwa hadi kwenye hema uwanjani, ili projekta iwake na picha za kukuonyesha zionekane vizuri. Redio ikabaki na betri yake. Picha, kwa kweli, zilionekana vizuri sana.

Fanikio la tatu ndilo linalotuuma, na tutalisema polepole. Bwana Guk hapa ataanza kutazama saa. Ukurasa huu haumo kwenye nakala yake.

Ulipoingia uwanjani na koti lako jipya la dharura, lenye mistari ya kukunjwa bado mgongoni, wakuu wote walikuwa wamepanga mstari kwenye mvua. Nafasi moja ilikuwa wazi. Bwana Guk akapanda ngazi mbilimbili hadi darasani. Waliokuwamo humo walisikia kila neno.

"Mkuu Tak, shuka haraka! Mkubwa ameshafika, pengo ni lako tu!"

"Mwambie niko kwenye redio."

"Nimwambieje hivyo? Yule si mtu wa kuambiwa hivyo!"

"Basi mwambie mlima haukupewa ratiba. Na wewe kaka Guk, toka dirishani, sioni."

Aliyekuwa anaongea naye redioni ni Bibi Ma Sun-rye. Wenzetu watatu walikuwa wamefika kwenye nyumba yake, ya mwisho juu kabisa, naye alikuwa amekataa kutoka bila mitungi yake ya mchuzi wa soya, ule unaochachishwa kwa miaka mingi. Vijana walimbembeleza wakashindwa. Ndipo wakamsogezea redio sikioni.

"Bibi, ni mimi Tak. Mbona bado uko huko?"

"Tak yupi? Wa yule fundi baiskeli aliyeniuzia mnyororo mbovu?"

"Huyohuyo. Marehemu alikosea, nisamehe mimi. Shuka na hao vijana."

"Na mitungi yangu? Ule mchuzi aliuanza mama mkwe wangu. Nikienda huko aliko nikamwambie nini?"

"Utamwambia nilikukataza mimi. Ila ukizidi kukaa hapo, utamwambia leo hiihii."

"We mtoto una mdomo mchafu!"

"Nimerithi. Shika bega la huyo mrefu, Bibi. Tukana tu, usinyamaze, nataka nikusikie mpaka mfike kwenye lami."

Bibi alitukana. Alimtukana Mkuu Tak, baba yake, baiskeli zote za wilaya na serikali ya mkoa, huku akishuka hatua kwa hatua kwenye tope. Kila alipogeuka kuitazama mitungi, sauti ile ilimvuta tena. Bwana Guk akapanda mara ya pili, akanyoosha mkono. "Nipe mimi redio niishike, wewe kasalimie mara moja tu urudi. Kichwa chako si changu, lakini na changu kitakatwa!" Mkuu Tak akampa chaki, akamwambia aandike ubaoni kwamba anakuja.

Kisha mlima ukashuka. Ulichukua nyumba, jiko, mti wa matunda ya persimoni na mitungi yote. Mtu haukuchukua hata mmoja, kwa kuwa walikuwa wamekanyaga lami muda mfupi tu uliopita, na Bibi alikuwa katikati ya tusi.

Kesho yake magazeti yalisema kwamba chini ya uongozi imara wa Naibu Gavana hakuna aliyepoteza maisha. Picha ilikuonyesha umeshika koleo. Hatuna ugomvi na picha, koleo lenyewe lilikuwa letu. Wiki iliyofuata ofisi yako ilimshtaki Mkuu Tak kwa kukosa heshima kwa kiongozi na kutoshiriki katika taarifa ya pamoja. Kikao cha nidhamu ni Jumatatu. Akitiwa hatiani, anaondolewa operesheni moja kwa moja, na tunasikia nafasi yake itajazwa na mtu mwenye uzoefu wa mapokezi.

Ombi

Tulielekezwa tuwe na ombi moja tu, lisilogharimu. Wenzetu wengine walitaka tuombe tena jenereta. Tulibishana jikoni mpaka supu ya mwani ikapoa, tukakubaliana kwamba jenereta tutaendelea kuikosa, tumezoea. Kiongozi hatujazoea kumkosa.

Tunaomba shauri la Bi Tak Mi-ryeong lifutwe. Tuna hasira, Mheshimiwa, na tumeificha humu ndani ya adabu kadiri tulivyoweza. Mkimwondoa kwa kosa hili, kila atakayekalia kiti chake atakuwa ameshajifunza. Mlima ukipasuka tena, atasikia king'ora cha gari lako, ataiweka redio mezani, na atashuka kupanga mstari. Mstari utapendeza. Huko juu kutakuwa na bibi wa mtu mwingine, na vijana wengine wamesimama naye wakingoja sauti.

Ikiwa kilichokuumiza ni kwamba hakukupokea, jambo hilo limekwisha. Leo amepangwa getini kuelekeza magari ya wageni. Ndiye aliyeliongoza gari lako kivulini, akakupigia saluti, nawe ukaitikia kwa kichwa bila kumtambua.

Na kama bado unahitaji ushahidi, hatukuleta karatasi. Yule mrefu ambaye bega lake lilishikwa njia nzima, ndiye anayekusomea risala hii. Wenzangu wawili niliokuwa nao kule juu wako kushoto kwangu. Bibi Ma Sun-rye yuko safu ya tatu, katikati ya wazee wa Neulgol. Ni yule aliyesimama. Tumemwomba akae, Bwana Guk amemwomba akae, na kiti ni cha ngozi. Anasema hatakaa mpaka asikie utakachojibu, na ametukataza kupiga makofi kabla ya hapo.

Mbingu zikupe afya, barabara kavu na miaka mingi ya kusikilizwa.

Ni sisi, watumishi wa Kikosi cha Operesheni za Dharura, Wilaya ya Hwarim, pamoja na Bibi Ma, ambaye bado amesimama.