Filamu Iliyomnyamazisha Mtafsiri

Haya kanisimulia mjukuu wangu Sekela Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana. Kwenye treni ya Pugu aliyopanda, kijana mmoja alimwambia mama aliyeketi naye, "Filamu za Kimalayalam, hizi za Kusini mwa India, zinachosha, mama. Ile ya jana pale kibanda cha video hamna ngumi. Baba anakula wali, basi!" Kijana kachoka, lakini kaitazama mpaka mwisho.

"Pale baba na mwanawe wanakula bila kusemeshana," mama akasema, "hata mtafsiri wetu wa Kiswahili anayeisemea filamu, na domo lake lote, alinyamaza. Mie nikalia. Na mwanangu Gibson tuko nyumba moja, mwezi wa pili sasa hatusemeshani."

"Sasa?"

"Leo nampakulia, nakaa naye."

"Akinuna?"

"Tutanuna wote, ila tutakula."

Treni ikasimama Gongo la Mboto, mama akashuka.

Nikamuuliza Sekela, "Unadhani huyo Gibson atakula?" Alishalala mkekani.